Duff Abrams: Mhandisi aliyepima jinsi zege linavyoishika nondo

Katika maeneo mengi ya ujenzi jijini Kigali hukosi kuona chombo cha chuma chenye umbo la pia iliyokatwa ncha, wazi juu na chini, chenye kimo cha sentimita 30. Wahandisi waliosoma kwa Kifaransa hukiita koni ya Abrams. Waliosoma kwa Kiingereza, lugha iliyochukua nafasi ya Kifaransa katika shule za Rwanda tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, hulitaja jaribio lenyewe tu, yaani kipimo cha kushuka kwa zege. Katika mabadiliko hayo ya lugha, chombo kimebaki mikononi mwa mafundi, lakini jina la mtu limeanza kupotea.

Mtu huyo ni Duff Andrew Abrams, mhandisi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1880 na kufariki dunia mwaka 1965. Hakujenga daraja mashuhuri wala jengo refu linaloitwa kwa jina lake. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika maabara, akivuta vipande vya chuma kutoka ndani ya zege na kuvunja vipande vya zege kwa mashine. Hata hivyo, kila anayelala chini ya dari la zege, awe Chicago au Biryogo, anategemea kwa kiasi fulani yale ambayo Abrams aliyabaini.

Swali aliloanza nalo lilikuwa jepesi kulitamka: ni nini kinachoifanya nondo ing'ang'anie ndani ya zege, na ni nini kinachoifanya iachie?

Mtaa ulio kwenye mteremko

Biryogo ni mtaa wa zamani wa wilaya ya Nyarugenge, jirani na Nyamirambo. Kwa zaidi ya karne moja umekuwa makazi ya Waislamu na mojawapo ya ngome za Kiswahili nchini Rwanda, tangu enzi za wafanyabiashara, askari na makarani waliofika wakati wa utawala wa Wajerumani. Msikiti wa kwanza wa nchi hiyo, unaojulikana leo kama Al-Fatah, ulijengwa mjini Kigali mwaka 1913. Mwaka huohuo, ng'ambo ya bahari, Abrams alichapisha utafiti wake mkubwa wa kwanza. Mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote, lakini yanatusaidia kukumbuka jinsi elimu ya zege ilivyo changa.

Nyumba za kale za Biryogo zilijengwa kwa tofali za udongo, zikasongamana kwenye mteremko. Katika miaka ya karibuni, mpango wa kuboresha makazi ulioungwa mkono na Benki ya Dunia umetengeneza barabara, njia za miguu na mifereji ya maji katika Agatare, Biryogo, Kiyovu na Rwampara. Hapa na pale nyumba za chini zimepisha majengo ya ghorofa, yenye maduka chini na roshani juu.

Katika mitaa ya namna hiyo, ya Kigali na ya miji mingine ya Afrika Mashariki, lori la zege haliwezi kupita kila mahali. Zege huchanganywa penye nafasi, kisha hupandishwa kwa ndoo, karai na toroli, mkono kwa mkono. Jua linapokuwa kali na safari ikawa ndefu, zege hukauka na kuwa zito. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia: ndoo moja zaidi ya maji, na kazi inakuwa nyepesi. Kisa cha maisha ya Abrams ni kisa cha gharama ya ndoo hiyo.

Chuma na jiwe la kutengenezwa

Abrams alipozaliwa, ndoa ya zege na chuma ilikuwa bado mpya. Zege ni imara sana linapobanwa, lakini ni dhaifu linapovutwa. Nguvu yake ya kuhimili mvuto ni takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kuhimili mbano. Chuma huhimili mvuto bila shida. Mwaka 1867 mtunza bustani Mfaransa, Joseph Monier, alipata hataza ya vyungu vya saruji vyenye waya wa chuma ndani. Mwaka 1884 Ernest Ransome, Mwingereza aliyehamia California, alipata hataza ya nondo zilizosokotwa kama kamba ili zege lizishike vizuri zaidi. Mwaka 1892 Mfaransa François Hennebique akatoa mfumo kamili wa nguzo, boriti na sakafu za zege lenye chuma, na katika muda mfupi mfumo huo ukaenea Ulaya na kwingineko.

Biashara ilitangulia, elimu ikafuata nyuma. Kila kampuni ilinadi nondo za umbo lake na kudai kuwa ndizo bora. Wajenzi walijua kwamba chuma na zege hufanya kazi pamoja, lakini maelezo ya jinsi vinavyoshikana yalikuwa machache na mara nyingi yalipingana.

Jambo hilo halikuwa dogo. Boriti inapobeba mzigo, upande wake wa chini huvutika. Zege la upande huo hupata nyufa nyembamba na kuikabidhi nondo kazi ya kuhimili mvuto. Makabidhiano hayo hufanyika juu ya ngozi ya nondo tu, pale zege na chuma vinapogusana. Mshiko ukiwa mzuri, vitu viwili huwa mwili mmoja. Mshiko ukikosekana, nondo huwa kama kamba iliyolala ndani ya bomba: ipo, imelipiwa, lakini haibebi kitu.

Majaribio ya Urbana

Abrams alikulia na kusoma katika jimbo la Illinois. Chuo kikuu cha jimbo hilo, kilichopo Urbana, kilikuwa kimeanzisha mwaka 1903 kituo cha majaribio ya uhandisi, cha kwanza cha aina yake nchini Marekani. Huko Abrams alifanya kazi chini ya Arthur Talbot, mmoja wa waasisi wa utafiti wa zege lenye chuma. Mazingira hayo yalimfundisha tabia iliyomtambulisha hadi mwisho: kutoamini dai lolote kabla ya kulipima mara nyingi.

Utafiti wake kuhusu mshiko ulichapishwa Desemba 1913. Ulikuwa na zaidi ya majaribio elfu moja ya kuvuta nondo zilizozikwa ndani ya zege, pamoja na majaribio ya boriti kubwa. Aliweka nondo nene na nyembamba, laini na zenye mbavu, safi na zenye kutu, katika zege changa na lililokomaa. Kisha alizivuta polepole huku akipima kwa vyombo nyeti umbali ambao nondo imeteleza.

Alichokiona kilibadilisha namna ya kufikiri. Mshiko, alibaini, hauna chanzo kimoja. Kwanza upo mgando, yaani saruji kushikamana na ngozi ya chuma. Nondo ikianza kusogea, mgando hukatika, na kazi huchukuliwa na msuguano. Kwa nondo laini, nguvu ya kuzuia ilifika kileleni nondo ilipokuwa imeteleza takriban robo ya milimita tu. Baada ya hapo ilianza kupungua. Kati ya usalama na kushindwa, nafasi ilikuwa nyembamba kuliko unene wa ukucha.

Kwa nondo zenye mbavu, aligundua kwamba mbavu haziongezi sana uwezo mwanzoni, kabla nondo haijateleza. Faida yake hujitokeza baadaye, pale mbavu zinapoliegemea zege lililo mbele yake. Maana yake ni nzito kwa fundi wa leo, ambaye karibu nondo zake zote zina mbavu: ubavu husaidia tu ikiwa mbele yake kuna zege thabiti. Ukikuta tundu la hewa au mfuko wa maji, ubavu hauna cha kuegemea.

Aligundua pia jambo ambalo hadi leo huwashangaza wenye nyumba. Kutu nyepesi iliyong'ang'ania kwenye nondo haikupunguza mshiko. Nondo zenye kutu hiyo zilishika vizuri kidogo kuliko zile zenye ngozi ya kawaida ya kiwandani. Kutu inayobanduka kwa vipande ni habari nyingine, kwa kuwa hutenganisha chuma na zege, sawa na udongo, mafuta au rangi.

Chicago na suala la maji

Mwaka 1914 Abrams alihamia Chicago, katika Taasisi ya Lewis. Huko aliongoza maabara iliyofanya kazi pamoja na chama cha watengenezaji wa saruji kilichoundwa mwaka 1916. Swali lake sasa lilikuwa pana zaidi: kwa nini zege la leo huwa imara na la kesho likawa dhaifu, ilhali saruji, mchanga na kokoto ni vilevile?

Baada ya makumi ya maelfu ya majaribio, mwaka 1918 alitoa jibu lililompa umaarufu. Kwa mchanganyiko unaoweza kufanyiwa kazi na kushindiliwa vizuri, nguvu ya zege hutawaliwa na uwiano wa maji kwa saruji. Maji yakizidi, nguvu hushuka. Abrams hakuwa wa kwanza kugusa suala hilo. Nchini Ufaransa, René Féret alikuwa ameonyesha katika miaka ya 1890 kwamba nguvu ya mchanganyiko wa saruji hutegemea nafasi za maji na hewa ndani yake. Mchango wa Abrams ulikuwa kuligeuza jambo hilo kuwa kanuni ambayo msimamizi yeyote angeweza kuitumia.

Hesabu yake inaeleweka hata bila maabara. Mfuko wa saruji wa kilo 50 uliochanganywa na lita 25 za maji una uwiano wa 0.5. Ukiongeza lita 10, uwiano unafika 0.7, na zege linaweza kupoteza takriban theluthi ya nguvu zake au zaidi. Saruji yenyewe huhitaji sehemu tu ya maji hayo ili igande. Yaliyobaki yamo kwa ajili ya kulainisha kazi, na yanapoondoka huacha vinyweleo.

Mwaka 1925 alirejea kwenye swali la ujana wake na kuchapisha utafiti mwingine kuhusu mshiko wa chuma na zege. Safari hii aliyaunganisha maswali yake mawili. Maji yale yale yanayodhoofisha zege ndiyo yanayodhoofisha pia uwezo wake wa kuishika nondo.

Saa ya kumwaga zege

Hapa ndipo elimu ya Abrams inapofika kwenye ngazi, karai na koleo. Ramani ya mhandisi inaweza kuwa sahihi, nondo zikawa za unene unaotakiwa na saruji ikawa mpya kutoka kiwandani. Lakini mshiko hutengenezwa katika saa chache tu, zege linapomwagwa na kushindiliwa, na baada ya hapo hakuna jicho linaloweza kuuona.

Zege likiwa chapwa, kokoto huzama na maji hupanda. Maji yanayopanda hukutana na nondo zilizolala na kukwama chini yake. Zege linapoganda, upande wa chini wa nondo hubaki na ufa mwembamba au tabaka la saruji hafifu. Kwa hiyo nondo inaonekana imefunikwa pande zote, kumbe imeshikwa upande mmoja. Nondo zilizosimama, kama za nguzo, huathirika kidogo kuliko zilizolala kwa kuwa maji hayana dari la kujificha chini yake.

Kadiri nondo iliyolala inavyokuwa juu, ikiwa na zege bichi lenye kina kirefu chini yake, ndivyo hasara inavyoongezeka. Watafiti waliomfuata Abrams walilipima jambo hilo kwa kina katika miaka ya 1930 na 1940, wakilinganisha pia zege lililoshindiliwa kwa mkono na lile lililotikiswa kwa mashine. Kanuni za ujenzi za Marekani zimelitambua: nondo iliyolala juu ya zaidi ya sentimita 30 za zege bichi hudaiwa urefu wa ziada wa asilimia 30 ili ishikwe sawasawa. Kanuni za Ulaya nazo hutofautisha mahali pa mshiko mzuri na pa mshiko hafifu.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa roshani. Boriti ya kawaida huvutika chini, lakini roshani, ambayo imeshikiliwa upande mmoja na kuning'inia upande wa pili, huvutika juu. Nondo zinazoizuia isianguke huwekwa juu na huingia ndani ya boriti yenye kina kirefu zaidi. Huko ndiko maji yanakopenda kujikusanya. Hivyo sehemu ya nyumba inayotegemea mshiko kuliko zote yaweza kuwa ndiyo inayoathirika zaidi na zege chapwa.

Namna ya kumwaga ina athari yake pia. Zege likidondoshwa kutoka juu sana ndani ya nguzo, hugonga nondo na kujitenga: kokoto huenda upande wake, uji wa saruji upande wake. Chini ya nguzo hubaki mashimo kama masega ya nyuki, na nondo hukaa hewani. Kwa sababu hiyo wasimamizi wengi hawaruhusu zege lidondoke zaidi ya takriban mita moja na nusu. Linapaswa kumwagwa kwa tabaka, na kila tabaka lishindiliwe kabla ya jingine kufuata.

Mashine ya kutikisa zege hufanya kazi hiyo vizuri kwa sababu huruhusu kutumia zege lenye maji machache. Huzamishwa wima, ifike kidogo ndani ya tabaka la chini, kisha hutolewa polepole ili hewa ipate njia. Haitumiki kulisukuma zege kwenda pembeni, na ikikaa mno katika zege chapwa huzidisha kujitenga. Pasipo mashine, fimbo ya chuma na nyundo ya kugonga mbao kwa nje husaidia, mradi kazi ifanywe kwa subira. Zege likishaanza kuganda, nondo zinazochomoza hazipaswi kutikiswa wala kukanyagwa, maana mshiko unaozaliwa wakati huo hukatika na haurudi.

Kipimo cha dakika chache

Koni inayobeba jina la Abrams haikuanza kwake peke yake. Wengine Marekani walikuwa wakijaribu vipimo vya namna hiyo katika miaka ya 1910. Yeye ndiye aliyekifanya kiwe sehemu ya elimu ya uwiano wa maji, na dunia ikamkabidhi jina.

Koni huloweshwa na kuwekwa juu ya bati tambarare. Hujazwa zege kwa tabaka tatu, kila moja ikishindiliwa mara 25 kwa fimbo ya chuma. Kisha huinuliwa wima bila kuyumba. Zege lililoachwa bila kuta hushuka, na umbali lilioshuka hupimwa kwa rula. Kwa nguzo na boriti nyingi, kushuka kwa kati ya sentimita 5 na 10 huwa kunatosha. Likimwagika kama uji, msimamizi amepata habari kabla zege halijafika kwenye nondo.

Kipimo hicho hakisemi kila kitu. Siku hizi kuna dawa zinazolainisha zege bila kuongeza maji, kwa hiyo zege laini si lazima liwe dhaifu. Lakini katika eneo la ujenzi ambalo halina dawa hizo, koni husema jambo moja kwa uaminifu: kati ya mchanganyiko wa asubuhi na wa adhuhuri, kuna mtu ameongeza maji.

Alichoacha

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Abrams aliongoza taasisi ya zege ya Marekani, chombo ambacho kanuni zake hutumika katika nchi nyingi. Alipofariki mwaka 1965, nondo laini alizozivuta akiwa kijana zilikuwa zimekwisha kupisha nondo zenye mbavu za viwango maalumu, na mashine za kutikisa zege zilikuwa jambo la kawaida.

Ukanda wetu haujaacha kukumbushwa umuhimu wa kazi hiyo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Mwezi Mei mwaka huohuo jengo lilianguka Nyagatare, mashariki mwa Rwanda, na kuua watu 6. Novemba 2024 jengo lililoporomoka Kariakoo liliua zaidi ya watu 20. Majengo huanguka kwa sababu nyingi, kuanzia usanifu na msingi hadi ghorofa zilizoongezwa bila kibali, na haifai kuzibebesha ndoo za maji lawama zote. Rwanda pia imo katika ukanda wa Bonde la Ufa: tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliua zaidi ya watu 30 magharibi mwa nchi. Ardhi inapotikisika, kila kiungo cha nguzo na boriti hudaiwa mshiko wake mara moja, bila onyo.

Mwenye nyumba wa Biryogo hana maabara, na mara nyingi hana hata uwezo wa kumlipa mhandisi akae kwenye jengo kutwa nzima. Lakini siku ya kumwaga zege anaweza kuwepo. Anaweza kuhesabu ndoo za maji kwa kila mfuko wa saruji, akataka zege la nguzo limwagwe kwa tabaka, na akaangalia kama nondo za roshani zimekanyagwa zikashuka chini. Fundi naye anaweza kukataa kuongeza maji hata vibarua wanapolalamika kwamba zege ni zito. Saa hizo chache zikipita, yaliyo ndani ya zege hayaonekani tena, na watakaoishi chini yake hawatakuwa na njia ya kuyachunguza.